Linki kama Sanadi: Kwa Nini Masuala ya Dini Hujibiwa kwa Anwani za Tovuti

Katika Ramadhani moja, mama mmoja aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la waumini wa msikiti wetu: binti yake ana pumu, je, akivuta mchana ile dawa ya kupuliza mdomoni, saumu yake imebatilika? Haukupita muda, ustadhi anayesomesha fiqhi papo hapo msikitini akamjibu. Alimrudishia salamu, akamwombea binti shifaa, akaweka linki ya tovuti, akamalizia kwa "Wallahu aalam". Hakuongeza neno. Ustadhi huyu suala hilo amelisoma, na nimewahi kumsikia akilieleza kwa kirefu barazani baada ya alasiri. Ndilo fumbo la makala haya: iweje ajuaye jibu amwelekeze muulizaji kwenye tovuti?

Maelezo yaliyozoeleka hayalitegui. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Dale Eickelman na Jon Anderson mwaka 1999 ulijenga hoja kwamba vyombo vipya vya mawasiliano vimeigawanya mamlaka ya dini na kuwaleta wafasiri wapya wasiopitia kwa wanavyuoni. Miaka michache baadaye mtafiti Olivier Roy alikwenda mbali zaidi, akamchora Mwislamu wa zama hizi kama mtu anayejisomea mwenyewe na kujiundia dini yake. Kwamba wasemaji wameongezeka, hakuna anayebisha. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa hapo, kwamba anayejibu mtandaoni amejivika kilemba cha umufti. Kama ingekuwa hivyo, tungeona watu wakiandika rai zao. Anayeweka linki anafanya kinyume chake: anakataa kufutu. Amesikia swali, ameliheshimu, na amejiondoa katikati.

Mashekhe wetu wengine husema ni uvivu tu. Nao nawapinga. Kunakili fatwa nzima na kuibandika ni kazi ileile ya kubonyeza mara mbili tatu, tena ingemfaa zaidi msomaji. Na hapa kuna jambo ambalo waandishi wa mbali hawalioni. Kenya na Tanzania, watu wengi hununua vifurushi vya bei nafuu vinavyofungua WhatsApp na mitandao mingine michache tu. Linki ikiwafikia wanaiona, lakini kuifungua hawawezi. Mama yule alikuwa miongoni mwao. Ustadhi anajua hivyo, wanakundi wanajua, na bado linki zinatumwa na kushukuriwa kwa "Jazakallahu khayran" na watu ambao hawakusoma hata mstari mmoja. Basi kazi ya linki si kusomwa peke yake. Linki ni ushahidi kwamba jibu lina pa kurudi.

Kwa msomaji aliyekulia chuoni, jambo hili lina jina la zamani: sanadi. Elimu ya pwani yetu, kuanzia darsa za Msikiti wa Riyadha Lamu hadi zile za Unguja, imesimama juu ya kitabu kilichofunguliwa mbele ya mwalimu. Shekhe husoma ibara, kisha huieleza. Hata akiwa ameihifadhi, kitabu kipo. Uwepo wa kitabu unawaambia wanafunzi kwamba maneno haya hayakuanzia kinywani mwake. Naye aliyapokea kwa shekhe wake, aliyeyapokea kwa wake, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, huandikwa ili mnyororo huo usipotee. Linki imekaa mahali pa kitabu kile.

Kuna hofu pia. Imamu Nawawi, ambaye Minhaj yake ni miongoni mwa vitabu vikuu vya Kishafi vinavyosomeshwa pwani, anataja katika utangulizi wa Majmu' habari ya Ibn Abi Layla, aliyewadiriki maswahaba 120 wa Kianswari. Mmoja wao akiulizwa suala, humwelekeza muulizaji kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, mpaka swali likamrudia wa kwanza. Nawawi haitaji habari hiyo kama aibu. Anaitaja kama adabu ya fatwa, kwa kuwa anayefutu anabeba dhima mbele ya Mola wake. Nilipomuuliza ustadhi wetu kwa nini alituma linki, maelezo yake yalikuwa hayo hayo kwa lugha ya leo. Barazani anamwona aliyeuliza, anaweza kumhoji kuhusu maradhi na dawa. Kundini maneno yake yatapelekwa mbele kwa watu asiowajua, yakiwa na jina lake, na hataweza kuyarudisha.

Nitaambiwa kwamba wapo wanaotuma linki ili kumshinda mwenzao, hasa ukifika msimu wa Maulidi. Ni kweli. Lakini hata mgomvi angeweza kutumia maneno yake mwenyewe. Kukimbilia kwake linki kunaonyesha kuwa naye anakubali kwamba rai isiyo na marejeo haina uzito.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba sanadi hii imekatika, na hapa sina la kumtetea ustadhi wetu. Suala lenyewe la pumu linatosha. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudia walifutu kuwa dawa hiyo haibatilishi saumu, na tovuti kubwa kama IslamQA, iliyoasisiwa na Sheikh Muhammad Salih al-Munajjid miaka ya 1990, zimeeneza msimamo huo. Wanavyuoni wengi wa Kishafi wanaona inabatilisha, kwa kanuni yao kwamba kitu chenye umbile kikifika ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, saumu haipo; mgonjwa atakula na kulipa, au kutoa fidia akiwa hana tamaa ya kupona. Mama yule ni Mshafi, msikiti ni wa Kishafi, na linki ilikuwa ya msimamo wa kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba amevushwa kutoka madhehebu moja hadi nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliyekubaliana naye na aliyempinga wote walijua anayesema ni nani na amesoma kwa nani. Anwani ya tovuti haisemi hayo.

Kwa hiyo siwaombi maustadhi waache kutuma linki. Nawaomba waandike chini yake mistari mitatu: nani aliyefutu, kwa madhehebu gani, na kauli ya Mashafi katika suala hilo ni ipi. Mistari hiyo mitatu haihitaji kifurushi cha intaneti ili isomwe, na mama mwenye mtoto mgonjwa ana haki nayo.