Glavu ya Besiboli na Lugha ya Hataza: Funzo kwa Uganda

Hataza ni ulinzi wa kisheria anaopewa mvumbuzi kwa sharti kwamba aueleze uvumbuzi wake bayana. Historia ya glavu ya besiboli yadhihirisha uzito wa sharti hilo.

Mwaka 1885 George Rawlings wa Marekani alipata hataza ya glavu yenye vitambaa laini vya kuukinga mkono usiumizwe na mpira. Mwaka 1922 Bill Doak, mrushaji wa timu ya St. Louis Cardinals, alipewa hataza ya glavu iliyounganishwa kwa kamba za ngozi baina ya kidole gumba na cha shahada. Kamba hizo zilifanya mfuko wa kunasia mpira. Glavu ikaacha kuwa kinga tu, ikawa chombo cha kudakia. Na badiliko hilo lilimilikiwa kwa maneno.

Mchezo huo umekwisha kufika Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mashariki mwa Kampala, waliunda timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport. Hata hivyo, fundi ngozi wa Kampala atakayeuboresha mfuko huo na kuomba hataza kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu, atauandika kwa Kiingereza.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Ili urasmi huo umfae fundi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haina budi kusanifu istilahi za hataza, ikianzia katika karakana.