Cheti cha Madini cha Maziwa Makuu

Utaratibu wa pamoja wa kuthibitisha kwamba bati, koltani, wolframi na dhahabu ya eneo hilo haikuwanufaisha wenye silaha. Viongozi wa Kanda ya Maziwa Makuu waliuridhia Lusaka, Desemba 2010. Mgodi hukaguliwa na kupewa rangi: kijani huruhusu mauzo, njano hutoa miezi 6 ya kurekebisha kasoro, nyekundu huyazuia. Katika migodi ya Rubaya (Masisi) na Bisie (Walikale), mashariki mwa Kongo, magunia ya madini yalifungwa lebo zenye namba. Lebo hiyo hufuata gunia tu, mchimbaji haimlindi. Waasi wa M23 walipoiteka Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa koltani yake ilivushwa hadi Rwanda, ikachanganywa na ya huko.