Mbiu ilikuwa ikilia watu wanatoka. Gari ikilia, nani anatoka?

Wadau wa Likoni, Kisauni na Changamwe, niwaulize. Mara ya mwisho umesikia king'ora cha gari saa nane za usiku, ulitoka nje? Hukutoka. Ulisonya tu, ukarudi kulala. Na mwizi analijua hilo kuliko sisi.

Haikuwa hivi zamani. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na mbiu, ile pembe ya mnyama inayopulizwa kuita watu. Ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sasa hebu usikize huo msemo vizuri. Nguvu ya mbiu haikuwa ukubwa wa sauti. Nguvu yake ni kwamba haikupulizwa bure.

Ruka mpaka miaka ya 1990. Kenya ikalegeza masharti ya biashara na fedha za kigeni, magari ya mitumba ya Japani yakamiminika kupitia bandari yetu ya Kilindini. Baadaye ikaja sheria kwamba gari isiwe imepita miaka 8. Na gari ikishatoka bandarini, wengi wanaipeleka kwa fundi wa umeme ifungwe alamu ya dukani: kisanduku, king'ora, sensa ya mtikisiko, swichi ya boneti na rimoti.

Ulaya walishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1998, kila gari mpya ilitakiwa kuwa na kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Haipigi kelele, inakataa tu kuwaka. Sisi tuliendelea kutegemea kelele, tukaamini jirani atatoka.

Shida ni kwamba hapa kelele ina sababu nyingi ambazo si mwizi. Upepo wa bahari una chumvi. Swichi ya boneti ikiingia kutu, alamu inadhani boneti imefunguliwa. Sensa ikiwa kali sana, lori la kontena likipita, au matatu yenye besi nzito, gari inalia. Betri ikichoka, umeme unashuka usiku na alamu inachanganyikiwa.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu majini, fuata mpangilio huu. Kwanza pima betri gari ikiwa imepumzika: ikijaa vizuri inasoma kama volti 12.6. Pili, fungua boneti, safisha ile swichi au ibadilishe, si kitu cha bei. Tatu, angalia swichi za milango. Mwisho, chomoa waya wa sensa, ufunge gari kwa rimoti ulale. Ikinyamaza usiku kucha, umempata mchawi: rudisha waya, upunguze ukali wa sensa, mara nyingi ni skrubu ndogo tu. Lakini usiiache imechomolewa.

Msinipige mawe, lakini mwenye gari inayolia kila usiku anatuibia sote. Jirani yake amefunga alamu nzuri, imetulia, na siku yake ikilia kwa haki mtaa mzima utadhani ni ile ile ya kila siku. Vioo vya pembeni vitang'olewa watu wakisikia kabisa.

Kesho ni Jumamosi. Fungua boneti.