BSides: Jukwaa Lililozaliwa na Mada Zilizokataliwa

Mwaka 2009 waandaaji wa Black Hat, mkutano mkubwa wa usalama wa kompyuta unaofanyika kila mwaka Las Vegas, Marekani, walipokea mada nyingi kuliko nafasi walizokuwa nazo. Waliokataliwa walipoanza kupashana habari Twitter, ikaonekana wazi kwamba baadhi ya mada zilizoachwa zilistahili kabisa kusikilizwa. Kilichopungua kilikuwa ukumbi na muda. Wataalamu wa usalama wa kompyuta Mike Dahn, Jack Daniel, Chris Nickerson na wenzao hawakuishia kulalamika. Walikodi nyumba mjini humohumo, wiki ileile ya Black Hat, wakawakaribisha watu waje kufundishana.

Jina la BSides walilitoa kwenye santuri, ambako wimbo unaotegemewa kuuza huwekwa upande A. Wapenzi wa muziki wanajua ni mara ngapi upande B ndio uliodumu.

Naamini ile nyumba ilichangia sana tabia ya mikutano hii. Sebuleni msemaji hawezi kukaa mbali na wasikilizaji wake, na waanzilishi walishikilia tangu mwanzo kwamba kila anayekuja ni mshiriki, si mtazamaji. Mwaka 2010 San Francisco ikawa na BSides yake, mwaka uliofuata London, na baadaye Afrika nayo ikaingia, Cape Town na Nairobi zikiwemo. Kila mji hujiendesha wenyewe kwa watu wa kujitolea wanaojitafutia wadhamini, na kiingilio, kikiwepo, huwa kidogo. Hilo lina uzito mkubwa. Kijana anayelinda mifumo ya benki au SACCO mjini Nairobi hana nauli ya Las Vegas, lakini wezi anaopambana nao hawangoji apate viza. Anamhitaji mwenzake wa mtaa wa pili aliyekutana na shambulio lilelile wiki iliyopita, na wafahamiane kabla ya siku ya balaa.

Elimu yenyewe mara nyingi ni ya mikono. Kwenye mikutano mingi utaikuta meza ya kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo. Mwanafunzi huisukuma silinda izunguke kwa kipande chembamba cha chuma, huku kwa mkono wa pili akipandisha pini moja baada ya nyingine kwa kijiti, mpaka silinda icheze kidogo na kumwambia vidoleni kwamba moja imekaa. Akishafungua ya kwanza, hatakiamini tena kitasa cha mlango wa chumba cha seva kwa kukitazama tu.

Kwenye BSides ya Las Vegas ndiko pia, mwaka 2013, Josh Corman na wenzake walikoanzisha I Am The Cavalry, vuguvugu la kudai usalama wa programu zilizomo ndani ya magari na vifaa vya hospitali, mahali ambapo kosa la msimbo linaweza kuua. Lakini ninachokithamini kuliko vyote katika mkutano huo ni Proving Ground, mpango wa watu ambao hawajawahi kusimama jukwaani kwenye mkutano mkubwa. Kila mmoja hupewa mlezi mzoefu. Hupitia mada pamoja, hupunguza, hurudia, kisha msemaji mpya hupanda jukwaani, na aliyemlea huketi miongoni mwa wasikilizaji.