Mficha uchi hazai: historia ya filamu iliyochekwa



Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Juma hili tumeona vema tuutafakari usemi huo kwa njia ya historia ambayo huenda wengi wetu hatujapata kuisikia. Ni historia ya filamu ya mazimwi iliyotengenezwa kwa fedha haba, ikachekwa katika nchi nyingi, na baada ya miaka ishirini ikazaa filamu nyingine iliyosifiwa. Tunawaomba mtufuate polepole, maana jambo hili lionekanalo la mzaha lina uzito wake.

Katika kiangazi cha mwaka 1989, kundi la watengeneza filamu kutoka Italia lilifanya kazi katika jimbo la Utah, nchini Marekani. Mwongozaji wao alikuwa Claudio Fragasso, na mswada uliandikwa na mkewe, Rossella Drudi. Drudi mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia kwa sababu aliudhiwa na baadhi ya rafiki zake walioacha kula nyama. Basi akatunga kisa cha familia iendayo likizo katika kijiji kiitwacho Nilbog, ambako wenyeji ni vibwengo waliojivika sura ya watu. Vibwengo hao hawagusi nyama. Huwalisha wageni chakula kinachowageuza kuwa mimea, kisha huwatafuna kama mboga. Anayeitambua hatari ni mtoto Joshua, anayeonywa na mzimu wa babu yake. Hata jina la kijiji ni mtego: likisomwa kinyumenyume huwa Goblin, ambalo kwa Kiingereza ni kibwengo.

Fedha zilikuwa chache, na hilo linaonekana wazi. Vibwengo wenyewe ni watu wafupi waliovishwa nguo za magunia na vinyago visivyoweza kufumba mdomo. Waigizaji nao hawakutoka Hollywood. Walikuwa wenyeji wa Utah, wengi wao wasio na uzoefu. Baadhi walikwenda kwenye usaili wakitumaini angalau kuonekana kwa mbali katika kundi la watu, wakajikuta wamekabidhiwa nafasi kubwa. Nafasi ya baba ilikwenda kwa George Hardy, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno. Mtoto Joshua aliigizwa na Michael Stephenson. Mtu mmoja aliyeigiza kama mwenye duka alieleza baadaye kwamba siku zile alikuwa akitibiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, na kwamba yale macho ya kutisha tunayoyaona hayakuwa uigizaji hata kidogo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa lugha. Waitaliano wale walijua Kiingereza kidogo, na mazungumzo katika mswada hayakufanana na usemi wa Mmarekani yeyote. Waigizaji waliomba ruhusa ya kuyanyoosha maneno, nao wakaagizwa wayaseme kama yalivyoandikwa. Wakatii. Matokeo yake ni watu wanaosema kama waliokariri sala katika lugha wasiyoifahamu.

Filamu ilipewa kwanza jina la Goblins. Wasambazaji wakaibadilisha kuwa Troll 2, ili ifaidike na jina la filamu nyingine, Troll, iliyotolewa mwaka 1986. Troll ni zimwi la hadithi za watu wa Skandinavia. Hizo filamu mbili hazihusiani kwa lolote, na katika hii ya pili hamna troll hata mmoja. Hivyo ndivyo ilivyoingia sokoni mwaka 1990, ikiwa imebeba jina la uongo.

Stephenson amesimulia kwamba alikuja kuiona kazi yake kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi, alipopewa kanda ya video kama zawadi. Furaha yake ikageuka kuwa fadhaa. Kwa miaka mingi aliona haya kutajwa pamoja na filamu hiyo. Hardy naye alirudi kwao Alexander City, katika jimbo la Alabama, akaendelea kutibu meno ya watu. Waigizaji wengine wakatawanyika, kila mmoja na maisha yake, wakidhani mambo yamekwisha.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Filamu ilionyeshwa katika televisheni, kanda zikapita mkono kwa mkono, na vijana wakaanza kukusanyika majumbani kuitazama na kucheka pamoja. Katika tovuti ya IMDb, ambako watazamaji hutoa alama, iliwahi kushika mkia kabisa. Aibu hiyo ikazidi kuitangaza. Kufikia mwaka 2006 ilikuwa ikionyeshwa katika kumbi zilizojaa watu, New York na kwingineko, na waigizaji waliojificha kwa miaka mingi wakaitwa jukwaani na kushangiliwa.

Hapo ndipo Stephenson, sasa akiwa mtu mzima, alipofanya uamuzi unaotuhusu. Alichukua kamera akaanza kutengeneza dokumentari, yaani filamu ya mambo halisi, juu ya jambo lile lile alilolionea haya. Aliwatafuta wenzake mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa, na mwezi Machi 2009 ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la SXSW mjini Austin, Texas, kwa jina la Best Worst Movie, maana yake filamu mbaya iliyo bora kuliko mbaya zote.

Tuliitazama dokumentari hiyo pamoja na vijana wachache. Tulianza kwa kucheka sana, lakini tulipomaliza tulikuwa kimya. Sababu ni hii: Stephenson hakuishia kwenye shangwe. Anatuonyesha Hardy, mtu mchangamfu anayependwa na mji wake, akinogewa na sifa hadi akasafiri kwenda maonyesho nchini Uingereza, ambako watu walipita mbele ya meza yake bila kumjua. Anatuonyesha mwanamke aliyeigiza kama mama, akiishi kwa kujitenga na kumuuguza mama yake mzazi, huku bado akiiona Troll 2 kuwa filamu nzuri. Anatuonyesha pia Fragasso mwenyewe akiketi ukumbini, akisikia watu wakicheka mahali pa kuchekesha na mahali asipokusudia kicheko. Mzee huyo hakufurahi. Aliamini alitengeneza filamu yenye ujumbe mzito juu ya familia, naye alikasirika hadharani wakati waigizaji wake wakisimulia makosa ya kazi ile.

Wapendwa, tunajifunza nini? Kwanza, kwamba kuna kicheko cha aina mbili. Wale vijana wa kumbini hawakuichukia filamu ile. Waliipenda kwa sababu iliundwa kwa moyo wote. Hakuna aliyekuwa akiigiza ubaya. Hata hivyo, kicheko cha upendo na kicheko cha dharau hufanana sana sikioni mwa anayechekwa. Fragasso hakuweza kuvitofautisha, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Ni mara ngapi tumemcheka mtoto aliyekosea shairi mbele ya watu, au mwanakwaya aliyepotea sauti, tukasema baadaye kuwa tulikuwa tunamtania tu?

Pili, tunajifunza ni nani anayestahili kusimulia aibu. Kama mgeni angeishika kamera ile, huenda tungepata kazi ya kuwadhihaki watu. Lakini aliyeishika alikuwa mmoja wao, aliyeona haya pamoja nao tangu utotoni. Ndiyo maana milango ilifunguliwa kwake. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba hakumwumiza mtu, maana upweke wa yule mama sasa umeonwa na maelfu ya watu. Swali hilo hatulifungi. Linabaki kwa kila asimuliaye habari za wengine, nasi tukiwemo.

Stephenson hakurudi mafichoni. Mwaka 2012 alitoa dokumentari nyingine, The American Scream, juu ya familia za Massachusetts zinazogeuza nyumba zao kuwa makao ya mizimu wakati wa sikukuu ya Halloween. Kwa mara nyingine aliwaendea watu wa kawaida wanaofanya kwa juhudi kubwa jambo ambalo wengine huliona la kipuuzi. Jicho hilo alilipata kwa kuwa aliwahi kuwa kichekesho yeye mwenyewe.

Basi juma hili, kila mmoja wetu aikumbuke ile kanda yake iliyofichwa chini ya sanduku: kazi iliyoharibika, hotuba iliyochekwa, jaribio lililoshindikana. Huenda wakati wa kuitoa umefika. Na tukimwona jirani akiitoa ya kwake, tuangalie namna tunavyocheka.

Tunawatakia juma jema.