Kiki ya Kware na Kadi za Wachezaji: Wote Walikuwa Wauzaji

Wadau, huku Ubaruku mtu akikuambia ameweka mzigo stoo anasubiri bei, hakuna anayemshangaa. Mpunga unavunwa, wenye haraka wanauza hapo hapo shambani, wenye subira wanapanga magunia kwenye ghala la mashine mpaka mchele uanze kupungua sokoni. Unaweza ukapata, unaweza ukakosa. Ila kuna kitu kimoja kinawalinda wote: mwisho wa safari kuna mtu Dar au Mbeya mjini anasonga wali. Bei ikigoma kabisa, unaukoboa unakula na familia yako. Shida inaanzia kwenye vitu ambavyo huko mwisho hakuna mlaji.

Tuanze na Marekani kidogo, halafu tutarudi huku kwetu. Kule kuna biashara kubwa ya kadi za wachezaji, hasa wa besiboli. Ni karatasi ngumu ya kuenea kiganjani, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Zamani zilikuwa nyongeza tu. Kati ya 1909 na 1911 zilitoka ndani ya pakiti za sigara, baadaye kampuni ya Topps ikawa inaziuza pamoja na bigijii. Watoto walizichezea mpaka zikachakaa, wengine walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele. Hata Topps wenyewe hawakuziona mali. Mzigo wa kadi za 1952 uliokosa wateja waliupakia chomboni mwaka 1960 na kuumwaga baharini! Humo ndani zilikuwemo kadi za Mickey Mantle. Agosti 2022, kadi moja ya Mantle ya toleo hilo hilo ikauzwa dola milioni 12.6.

Sasa angalia kilichoifanya iwe ghali. Mantle alikuwa staa, sawa, lakini kadi yenyewe ilikuja kuwa adimu kwa sababu wakati ule hakuna aliyeitunza. Miaka ya 1980 stori za bei hizi zikasambaa, watu wazima wakaanza kununua maboksi kwa maboksi na kuyafungia kabatini, eti ni ada ya chuo ya mtoto. Kampuni nazo zikachapa mzigo usiku na mchana. Upper Deck ikaingia sokoni 1989 na kadi ya kijana Ken Griffey Jr., na kila aliyeipata akaihifadhi kama yai. Miaka michache mbele wote wakataka kuuza kwa pamoja, wakakuta mtaa mzima una kadi hiyo hiyo. Maboksi mengi ya kipindi kile mpaka leo hayana thamani ya maana.

Na huko juu kwa matajiri, bei ilikuwa inasukumwa na watu. Kadi maarufu kuliko zote ni ya Honus Wagner, ile ya kwenye sigara. Moja ilinunuliwa mnadani mwaka 1991 kwa dola 451,000, na mmoja wa wanunuzi alikuwa Wayne Gretzky, staa wa hoki ya barafu. Jina lake peke yake lilikuwa kiki tosha. Kampuni mpya ya kupima ubora wa kadi, PSA, ikaipa alama 8, kadi ya kwanza kabisa kuipima. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Kumbe Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeimiliki zamani, alikuwa ameikata kingo ili ionekane mpya. Mwaka 2013 alikiri kosa la ulaghai mahakamani, na 2015 akahukumiwa miezi 20 jela. Kesi yenyewe haikuwa ya mkasi tu: kwenye minada ya kampuni yake walikuwa wanaweka dau la uongo ili mteja halisi apandishe. Yaani ulikuwa unashindana na muuzaji mwenyewe.

Ukidhani hayo ni mambo ya Wazungu, kumbuka kware.

Kenya, mwaka 2013. Ghafla kila mtu anaongelea mayai ya kware. Yanatibu presha, kisukari, pumu, wengine wakafika mpaka UKIMWI. Ushahidi wa kitabibu? Hakuna. Yai moja dogo lenye madoadoa likafika shilingi 100 za Kenya, yai la kuku likiwa halifiki hata robo ya hapo. Kwa vile kware alihesabika ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, na watu wakapanga foleni kukitafuta. Homa ikavuka mpaka ikaingia kwetu, mpaka wamachinga mjini wakawa wanayatembeza.

Ila jiulize, mayai yale yalikuwa yanaenda wapi? Mengi hayakuliwa. Yalinunuliwa na mtu anayetaka kutotolesha, auze vifaranga kwa mtu mwingine anayetaka kutotolesha. Na kware hana subira kama mpunga. Yai linaanguliwa kwa siku 17 au 18, kifaranga anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Mfugaji mpya wa Oktoba ni mshindani wako wa Januari. Topps walihitaji mitambo kuchapa kadi nyingi kupita kiasi, kware wanajichapa wenyewe bandani.

Mwanzoni mwa 2014 bei Kenya ikaporomoka vibaya. Sio kwamba ndege walikuwa wabaya, nyama yao tamu kweli, na mayai bado utayakuta supamaketi. Ni kwamba walaji halisi walikuwa wachache siku zote, wale wengine walikuwa wanaingia tu kwenye mnyororo. Kwa maoni yangu hii ndiyo inauma kuliko hata DECI, ile ya "kupanda mbegu" iliyofungwa na serikali 2009, kwa sababu DECI ulipeleka hela mkononi mwa mtu. Kware ulimjengea banda kwa jasho lako, ukamlisha, ukaokota mayai kila asubuhi.

Waliopiga hela ni walioanza mapema: wauza vifaranga, wauza mashine za kutotoleshea, na wenye semina za ufugaji. Waliochelewa imekula kwao, banda limejaa ndege wanaokula chakula cha kununua kila siku, na simu za wateja zimekata.