Vyombo vya Majini katika Njia ya Tabora

Tabora ni mji wa bara halisi. Toka Dar es Salaam mpaka kufika kwake reli hupita zaidi ya kilomita 800, na toka hapo mpaka Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, husalia safari ya kilomita 400 na ushei. Mtu asingetazamia kuwa nchi iliyo mbali na bahari kiasi hiki ina sehemu katika historia ya merikebu. Sehemu hiyo ipo, wala si ndogo. Chombo chochote cha ng'ambo kilichotakiwa ziwani kwa njia ya kati kilikuwa hakina budi kwanza kujifunza kwenda nchi kavu; na kwa kuwa chombo hakina miguu, kilikwenda kwa miguu ya watu.

Wa kwanza kulijua jambo hili kwa hasara walikuwa Burton na Speke. Mwaka 1857 walikuwa na mashua ya chuma iliyoitwa Louisa, iliyoundwa ili ifunguliwe vipande na kuunganishwa tena. Wapagazi hawakutosha, na Louisa akaachwa pwani. Wasafiri wale wakapita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakafika Ujiji mwezi Februari 1858, wakakaa mbele ya maji yasiyo na mwisho machoni pao, hawana cha kuyavukia ila mitumbwi ya kukodi. Ilimlazimu Speke kuvuka mpaka kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi, kumbembeleza Sheikh Hamid bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Alirudi bila jahazi. Haifai kulipita jambo hili upesi, kwa maana vitabu vingi husimulia ziwa lile kana kwamba lilikuwa linangoja chombo cha Mzungu ndipo lipate kusafiriwa. Jahazi lilikuwapo, na lilikuwa na mwenyewe. Aliyekosa chombo alikuwa mgeni.

Stanley aliposhika njia mwaka 1874 alikuwa amejifunza somo hilo. Aliagiza mashua ya mwerezi kwa fundi wa Teddington, kando ya mto Thames, yenye urefu wa karibu mita 12, ikiwa katika mapande ya kuchukulika. Aliiita Lady Alice kwa jina la Alice Pike, msichana wa Marekani aliyemwahidi kuolewa naye. (Bibi huyu aliolewa na mtu mwingine mwezi Januari 1876, kabla mashua yenye jina lake haijafika Ujiji, lakini mashua haikubadilishwa jina, kwa kuwa habari ilikuwa haijafika.) Mapande yalipofika Unguja yalionekana kuwa mapana na mazito mno kwa njia nyembamba za bara, ikabidi fundi ayapasue upya. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu 356 ukaondoka Bagamoyo.

Katika msafara ule wachukuzi wa mashua walikuwa kundi la namna yake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi, mtumba wa nguo au shanga, hubebwa begani na mtu mmoja, naye huweza kuinama chini ya matawi na kupinda penye kona. Pande la mashua halipindi. Lilichukuliwa na watu kwa pamoja, kwa mtindo wa mzegazega, na mmoja akijikwaa mwenzake huumia. Kwa sababu hiyo walichaguliwa wenye nguvu kupita wengine, wakapewa mshahara mkubwa zaidi na posho maradufu, na juu ya hayo wakapewa ruhusa ya kufuatana na wake zao. Ruhusa hii yastahili kufikiriwa. Desturi ya mpagazi kusafiri na mke na watoto ilikuwa ya kale katika njia hii, na Wanyamwezi walikuwa wameizoea. Mke alichukua vyungu na mikeka, akapika jioni, akamuuguza mumewe homa ilipompata; na watoto walizaliwa njiani. Basi Lady Alice, aliyeitwa kwa jina la mchumba asiyetoka kwao, alipita pori la Ugogo katikati ya ndoa za watu wengine.

Mashua haikuingia Tabora katika safari ile. Msafara uliiacha njia kuu upande wa mashariki, ukaelekea kaskazini, ukafika Kagehyi katika Usukuma tarehe 27 Februari 1875. Baada ya kulizunguka Ziwa Viktoria, iliteremka tena kwa mabega kupitia nchi ya magharibi ya Unyamwezi, ambako Stanley na Mirambo walichanjiana udugu mwezi Aprili 1876, ikafika Ujiji mwezi uliofuata. Hapo tena ilipata maji, ikalizunguka Tanganyika.

Nahodha aliyeiongoza mashua hiyo alikuwa Uledi, mtu wa pwani, na pamoja naye walikuwamo mdogo wake Shumari na binamu yake Saywa. Huko Kongo Uledi alishikwa na shanga za wizi wakati wa njaa, na hukumu ilikuwa viboko. Shumari akaomba apigwe nusu ya viboko vya kaka yake. Saywa akaomba vilivyobaki. Uledi akasamehewa. Stanley aliliandika tukio hili kama sifa ya upole wake mwenyewe, lakini msomaji huona zaidi sifa ya vijana wale wawili.

Mwisho wa Lady Alice ulikuwa mwamba. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila katika mto Kongo, ilibebwa kwa mara ya mwisho ikawekwa juu ya majabali, ikaachwa ikauke na kuoza. Ndugu wawili Waingereza walioajiriwa kwa ajili yake, Edward na Frank Pocock, walikuwa wamekwisha kufa njiani. Siku chache baadaye mabaki ya msafara yaliingia Boma. Zaidi ya nusu ya walioondoka Bagamoyo hawakuwamo.

Wamisionari wa London walijaribu kuwaepuka wapagazi. Mwaka 1877 walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawaua ng'ombe, na magari yakabaki njiani. Mmoja wao, Edward Hore, alikuwa baharia kwa kazi yake ya kwanza. Alifika Ujiji mwaka 1878 kwa njia ile ile ya mabega, na mwaka 1883 mashua yao ya Morning Star, iliyoletwa vipande vipande, ilifika huko vivyo hivyo. Kisha akaileta familia yake. Bibi Annie Hore na mtoto wao mdogo, Jack, walifika Ujiji mwezi Januari 1885, wakiwa wamepitia Mpwapwa na Urambo, na mama huyo alikuwa ameketi katika kiti cha magurudumu cha kuchukulia wagonjwa. Magurudumu hayakufaa kitu katika njia ile, kiti kikabebwa na watu. Bibi Hore aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Hao waliombeba hawakuandika.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu katika nyayo za misafara. Hapo ingedhaniwa kuwa habari ya vyombo vya majini kubebwa na watu imekwisha. Vita vikaja vikaifufua, safari hii kwa namna ya ajabu zaidi: meli iliyokufa iligawanywa viungo, na viungo vikapewa kazi barani.

Jamaa zinazokwenda kutembelea Fort Jesus, Mombasa, huwaonyesha watoto mizinga miwili ya meli. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Wa pili ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza, iliyozamishwa Unguja na hiyo Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Mtoto mwerevu huuliza mzinga wa meli umepataje magurudumu, na si kila mzazi mwenye jibu. Jibu ni kwamba Königsberg ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, ikapigwa na manowari za Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Lakini mto haukuwa na kina cha kuimeza. Mizinga yake yote kumi, ya sentimita 10.5, ilitolewa katika tope, ikapelekwa Dar es Salaam, na katika karakana ya reli ikatengenezewa magari. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus wakaifanyia vivyo hivyo. Hivyo meli mbili zilizokwisha kupigana baharini zikaendelea kupigana porini, na mabaharia wakageuka askari wa miguu.

Magurudumu hayo yalisaidia mahali penye barabara. Penye matope na vilima, mzinga ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa pande zote, ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Katika Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, askari alipewa umbo la shaba. Mpagazi alipewa maneno tu chini yake. Yaweza kusemwa kuwa hata mzinga ulitunzwa kuliko aliyeuvuta, maana ya Königsberg bado husimama mmoja Pretoria, mmoja Mombasa na mmoja Jinja.

Mzinga mmoja katika hiyo kumi ulirudi majini. Huko Kigoma ilikuwapo Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikapita Tabora kwa gari moshi, na kushushwa ziwani mwezi Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 71, nayo ikavikwa mzinga wa Königsberg. Lakini vita vya nchi kavu vilipokuwa vibaya mzinga uling'olewa tena, na mahali pake ukawekwa mti uliochongwa mfano wa mzinga ili adui aogope. Tarehe 26 Julai 1916 mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi, wakaizamisha kwa utaratibu, wakarudi nyuma kwa reli kuelekea Tabora.

Tabora ilikuwa wakati huo kama merikebu iliyozingirwa. Katika karakana ya reli mwaka huo zilipigwa fedha zenye herufi T, senti za shaba zilizotokana na maganda ya risasi na vyuma chakavu, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Majeshi ya Wabelgiji yaliuingia mji tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi kutoka Kongo, mizigo begani, katika njia ambayo baba zao na wa Wanyamwezi walikuwa wamepishana humo na pembe.

Mizinga ya Königsberg iliharibiwa au kutekwa mmoja mmoja, hata Lettow-Vorbeck alipouvuka mto Ruvuma mwezi Novemba 1917 hakuwa na hata mmoja. Meli ya Kigoma iliopolewa mwaka 1924, na grisi ikaonekana imeihifadhi mitambo. Ikarudi kazini mwezi Mei 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miaka mingi ikachukua abiria, dagaa na mahindi, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, bila mzinga.